Mwili Uliocheza Bila Ngoma

Kijana mmoja wa Gede alikaa kwenye kiti changu hivi karibuni, na nilipomfunga kitambaa shingoni akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia nyumba asiyotaka aonekane akiingia, "Bwana Kassim, ni kweli nyama zako hucheza?"

Nikamwambia ni kweli. Nilipofika nyuma ya sikio akasema, "Zangu pia. Tangu mfungo."

Watu walikuwa wakingoja zamu barazani na mbele yao sikuwa na la kumwambia. Nilimwomba arudi wakati hakuna watu. Hajarudi. Basi naandika kwa ajili yake, na kwa mwingine yeyote anayelala amejiwekea kiganja pajani, akihesabu nyama zinavyoruka. Niliacha shule darasa la sita, sijui mishipa hufanyaje kazi. Nijualo ni kungoja. Na nikuambie tangu mwanzo kwamba sina dawa ya kukupa, wala sitakudanganya kwamba mambo yote yalirudi yalivyokuwa.

Sisi ni watu wa Mambrui. Baba alifariki kwa homa, na mama akamfuata kabla eda yake haijesha. Nikabaki mkubwa wa wanne: mimi, Rukia anayenifuata, kisha Mbaraka na Sauda, ambaye wakati huo meno yake ya mbele yalikuwa ndiyo kwanza yanatoka. Rafiki ya baba alikuwa kinyozi Malindi mjini. Akanichukua, akanifundisha wembe, na alipozeeka akaniachia kiti. Kwa kiti hicho niliwalea wadogo zangu, na Rukia akawa ndiye mama wa nyumba. Sikuwahi kumsikia akilalamika. Alikuwa akiweka kila kitu mahali pake na kusema, "Haya, kesho."

Ilianza mwaka ule wa ukame, mvua za mwaka, ndiyo masika, zilipokuwa haba na tukila unga wa mahindi ya manjano. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mteja, nikahisi kigimbi cha mguu wa kulia kikipwita. Nikadhani ni sisimizi. Nikainama kuangalia, sikuona sisimizi. Niliona ngozi yangu mwenyewe ikiinuka na kushuka kana kwamba kitu kilikuwa kikitafuta njia ya kutokea.

Shangazi yetu, Bi Mwanahawa, dada yake baba, alifurahi nilipomwonyesha. "Mguu wa kulia huo! Una safari ya kheri, mwanangu."

Asiyekuwa mtu wa pwani huenda akacheka, lakini kwetu hivyo ndivyo tulivyolelewa. Mwili ukicheza, una habari. Kope la juu likicheza utamwona mtu wa mbali, la chini utalia. Mkono wa kulia utapokea, wa kushoto utatoa. Kwa hiyo kope liliponicheza, nyumba nzima ilingoja mgeni. Na mkono wa kulia ulipoanza, hapa katikati ya kidole gumba na cha shahada, shangazi alipiga kigelegele jikoni.

"Utapokea jambo kubwa," akasema.

Haikupita juma, watu wa Mzee Aboud wa Malindi wakaleta posa. Walimtaka Rukia kwa mtoto wao Nassor, kijana mpole aliyesimamia duka la vyombo la baba yake. Mtu asingeweza tena kuniambia niende hospitali. Nani huenda hospitali kwa ajili ya bishara? Mbaraka alikuwa akinishika mguu jioni akauliza, "Leo wasemaje, kaka? Tutapata na baiskeli?" Tulicheka sana miezi ile. Ugonjwa ulipoingia ndani ya nyumba yetu tuliupokea kwa kigelegele, tukaupisha mkekani.

Siku hiyo ya posa Mzee Aboud alikuja na wazee wenzake wawili. Tuliwapa kahawa na halua, tukazungumza mambo ya mvua na bei ya nazi kama ilivyo ada, kisha wakasema lililowaleta. Baba hayupo, babu hayupo. Mimi ndiye walii wa dada yangu, wa kumwozesha. Nikasema tumepokea. Mzee akanipa mkono, akaushika wangu kwa mikono yake miwili, na fatiha ikasomwa nikiwa bado nimeshikwa.

Ndipo mkono ukaanza. Nilijaribu kuukaza, ukazidi. Ulikuwa ukiruka ndani ya viganja vyake kama kifaranga aliyefunikwa. Mzee alifumbua macho katikati ya dua, akanitazama, akayafumba tena. Akaitikia amin pamoja na wenzake.

Mlangoni, wenzake walipokuwa wakivaa viatu, aliniuliza, "Kassim, mkono huu una nini?"

"Wacheza, mzee. Na si mkono peke yake."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka."

"Na hospitali wasemaje?"

"Sijaenda."

Alinitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonitisha kwanza, kabla ya daktari yeyote. "Nenda, mwanangu," akasema. "Kisha tutazungumza habari ya siku ya nikaha."

Hospitali ya Malindi walinipa vidonge vya damu, kisha vya kutuliza mwili, kisha sindano ambazo zilinifanya nilale nikinyoa. Nyama ziliendelea. Sasa zilikuwa kila mahali: pajani, mgongoni, kidevuni, hata kwenye ukingo wa mdomo. Zilicheza nilipokuwa nimetulia na ziliacha nilipotembea, kwa hiyo nilianza kuogopa kukaa. Shangazi akaleta kombe kutoka kwa mwalimu, aya zilizoandikwa kwa zafarani katika sahani na kuoshwa kwa maji ya waridi. Nilikunywa kila asubuhi. Sijui kama yaliniponya chochote, lakini yalikuwa matamu, na ile saa ya kunywa ilikuwa saa pekee ambayo mtu mwingine alikuwa ameketi nami akinitakia mema bila kuniuliza swali.

Mwishowe tabibu mmoja aliniambia niende Mombasa, kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Habari ikafika Mambrui kabla yangu. Watu wakasema Kassim anapelekwa kwa daktari wa vichwa. Kazini, mteja wangu wa miaka mingi alikataa wembe.

"Leo mkasi tu, Kassim. Nimekuja kunyolewa, sikuja kuchinjwa. Idi bado."

Barazani wakacheka. Nami nikacheka. Nilipofika nyumbani nilimwambia Rukia kwamba wembe nimeuweka kando kwa muda. Hakuuliza kwa nini. Alikaa sakafuni akanikanda vigimbi kwa mafuta ya nazi mpaka Sauda akalala.

Sasa nije kwenye benchi la hospitali ya Mombasa. Lilikuwa refu, la mbao, katikati limelainika kwa kukaliwa. Ukifika asubuhi unakaa mwisho, na kila anapoitwa mtu mnasogea, makalio kwa makalio, kuelekea mlangoni. Hakuna anayemtazama mwenzake usoni. Mnatazamana mikono, miguu, jinsi mtu anavyoinuka. Huyu aburuta mguu. Yule mkono umekunjika. Unajiuliza wewe utakuwa yupi.

Jirani yangu alikuwa mwanamume wa Kigiriama, kifua kipana, miguu ya mtu aliyepanda minazi maisha yake yote. Aliniona nimebana mkono katikati ya magoti.

"Na wewe wacheza?" akauliza.

"Nacheza."

"Wapi?"

"Kila mahali."

"Basi sogea, mwenehu, ndugu yangu, tucheze pamoja. Mimi wangu ni mwanzele, ile ngoma ya kwetu, hauna mapumziko."

Jina lake lilikuwa Karisa, mgema wa Mnarani. Akanionyesha bega lake. Nyama zilikuwa zikipita chini ya ngozi kama maji ya ufukweni. Akaniambia mkono wa kulia ulimtupa kutoka juu ya mnazi. Ulifunguka tu, wenyewe.

"Uliumia?"

"Niliangukia kibuyu. Kibuyu ndicho kilichoumia. Wateja wangu walikililia kuliko mimi."

Nilicheka kwa nguvu hata muuguzi akatoa kichwa mlangoni. Tangu siku hiyo tukawa na mchezo wetu. Kabla ya kuitwa, tunashikana mikono na kuminyana, kila mmoja kwa nguvu zake zote, tuone nani dhaifu. Siku ile ya kwanza alinishinda, na nilirudi nyumbani nikijua moyoni kwamba mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa zaidi.

Daktari alikuwa mtu mzima mwenye miwani, Kiswahili chake safi. Alinigonga magoti kwa nyundo ndogo, akanichoma kwa pini, akaniambia nitembee kwa vidole kisha kwa visigino. Alinivuta mikono nami nimvute. Akachukua tepu kama ya fundi cherehani, akapima mapaja na mikono. Kisha akawasha tochi na kusema nitoe ulimi, niuache tu umelala. Aliutazama muda mrefu kuliko vyote.

"Kuna ugonjwa mmoja mbaya unaoanza na nyama kucheza," akasema. "Nguvu hupungua, nyama huisha, na mwisho mtu hawezi hata kumeza. Kuna jambo jingine, ambalo nyama hucheza tu, basi. Leo siwezi kukuambia lako ni lipi."

"Hakuna mashine?"

"Iko Nairobi. Nikikupeleka yaweza kusema leo huna, na mwezi ujao unao. Kipimo ninachokiamini ni muda. Ule mbaya hausubiri. Ukiwa nao, mwaka hautaisha kabla nguvu hazijaanza kukutoka mahali. Utakuja kila miezi mitatu nikupime."

"Na dawa?"

"Ya ule mbaya haipo. Ya huu mwingine haihitajiki."

"Kwa hiyo nikirudi nyumbani nifanye nini?"

Alivua miwani. "Ungoje," akasema.

Nilimpelekea Mzee Aboud maneno hayo kama yalivyo, bila kupunguza. Alizungusha tasbihi. Kisha akasema, kwa upole, kwamba Rukia na mimi ni tumbo moja. Kwamba kijana akioa huoa na watoto watakaokuja. Kwamba wao si watu wabaya, watangoja majibu.

Shangazi aliposikia alikasirika, si kwa Mzee Aboud, bali kwangu.

"Nenda kawaambie umepona," akasema. "Sema yalikuwa mapepo, yametolewa. Nani ataingia ndani ya nyama zako kuangalia?"

"Mimi ndiye nitakayempa Nassor mkono siku ya nikaha, shangazi. Atauhisi."

"Vaa kanzu ya mikono mirefu!"

"Mkono hushikwa kiganjani, si kwenye kanzu."

"Basi mwachie kadhi akuwakilishe! Mwanamume mzima wakosa hila? Mtoto wa watu yuwazeeka ndani!"

Rukia alikuwa akikuna nazi. Hakuacha kukuna. "Asiseme uongo, shangazi," akasema. "Nikizaa mtoto akawa hivyo, wataniambia nililetwa kwao kwa uongo. Na kaka akizidiwa, nitakuwa nyumbani kwa watu nikiomba ruhusa ya kuja kumtazama. Acha wangoje. Nami nangoja."

Hivyo ndivyo mambo yalivyofungamana. Nikipatikana na ule ugonjwa mbaya, nitakufa, na dada yangu hataolewa, na hao wadogo wataangaliwa na yeye peke yake. Kila nyama iliyoruka mwilini iliruka pamoja na hayo yote.

Katika miezi ile nilijifunza mambo ambayo sikuhitaji kuyajua. Kinyozi ana vioo viwili, kimoja mbele na kimoja cha kumwonyesha mteja kisogo. Mteja akiondoka, nilivielekeza vyote kinywani mwangu, nikatoa ulimi na kuutazama kama unatetemeka. Siku moja watu wa barazani walinikuta. "Kinyozi ajinyoa ulimi leo!" Jina hilo lilinikaa. Nilijaribu nguvu zangu kwa kila kitu: kufungua chupa, kusimama kwa mguu mmoja nikivaa suruali, kubeba ndoo kwa kidole kidogo. Nikidondosha mkasi, siku hiyo haikuwa na chakula. Nilikonda. Suruali zikanilegea, na kukonda kwenyewe nikakuona ndiyo dalili ya nyama kuisha. Rukia akinipakulia nyingi nilikuwa nikimfokea, na Mbaraka akaanza kula upesi ili atoke mekoni kabla sijaanza.

Jambo jema dogo nalikumbuka. Mwadhini wa mtaa wetu, Mzee Hamadi, hakuacha kunyolewa kwa wembe. Alikaa, akainua kidevu, akasema, "Nikate. Nina shingo ya kutosha." Mkono wangu ulikuwa ukiruka, nami nikajifunza kuungoja utulie, kisha nipitishe. Sikumkata hata siku moja. Alikuwa akilala kitini, au akijifanya amelala.

Vuli ilipokuja nilikwenda Mombasa mara ya pili. Basi lilipovuka na kivuko pale Kilifi, Karisa alikuwa amesimama upande wa Mnarani, tukaenda pamoja. Tulipominyana mikono benchini, tulikuwa sawasawa. "Umekula nini?" akaniuliza. Alikuwa amevaa ndala kwa sababu kufunga kamba za viatu kumemshinda.

Wakati wa kaskazi, joto limejaa ndani ya mlango ule wa hospitali, tulipominyana sikusikia kitu. Nilidhani hajaanza. "Haya, minya," nikamwambia.

"Naminya," akasema.

Niliutazama mkono wake. Pale katikati ya kidole gumba na cha shahada, mahali pangu penyewe pa kucheza, palikuwa na shimo. Ungeweza kulaza yai la njiwa. Naye aliutazama, kisha akanitazama mimi, na kwa kweli sijui ni nini alichokiona usoni pangu. Nguvu zangu zilikuwa bado zipo, na furaha iliyonijia ilikuwa na ladha mbaya mdomoni, kama kumeza jasho.

"Umenishinda, mwenehu," akasema. Maneno yake yalikuwa mazito, kama ya mtu aliyetoka kung'olewa jino. "Sasa wewe ndiwe utakayepanda unigemee."

Mara iliyofuata hakuwepo penye kivuko. Daktari alinipima, akasema bado hapati upungufu, lakini mwaka haujaisha. Nikirudi nilishuka Mnarani, nikaulizia nyumba yake. Alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha kamba chini ya upenu, mkewe akimlisha uji kwa kijiko kidogo cha mtoto. Uji mwingi ulirudi. Alisema neno ambalo sikulielewa, mkewe akalitafsiri: "Asema, wewe bado wacheza?"

"Bado," nikamwambia.

Alisema tena. Mkewe alisita. "Asema, yeye ngoma yamwishia."

Hakika nyama zake zilikuwa zimetulia karibu zote. Hakukuwa na nyama za kucheza. Macho tu ndiyo yaliyokuwa yake, yale yale, yenye utani. Nilikaa mpaka basi la mwisho. Kabla ya mfungo nikapata salamu kwamba amezikwa.

Watu wa Mzee Aboud nao walikuwa wamechoka. Walipeleleza, wakasikia kwamba yule mgema aliyekuwa na ugonjwa kama wangu hajiwezi. Katika mwezi wa Rajabu waliiondoa posa kwa heshima zote, kupitia mtu mzima asiyejua kusema maneno makali. Nassor mwenyewe alikuja dukani kwangu siku chache baadaye. Hakukaa kitini. Alisimama mlangoni, mkono kwenye kizingiti cha juu.

"Kaka Kassim, mimi binafsi sina neno. Lakini baba..."

"Usimalize," nikamwambia. "Mtii baba yako."

"Nipelekee salamu."

"Hizo siwezi kuzipeleka, Nassor."

Akaondoka. Akaoa katika Shaabani, binti wa Lamu. Siku ya harusi hiyo Rukia alifua nguo zote za nyumba yetu, hata zile zilizokuwa safi, hata mapazia, mpaka kamba ikashuka ikagusa mchanga. Shangazi alikuja akaona, akarudi bila kuingia.

Ramadhani ile niliifunga nikiwa sina ninachokitarajia. Nilikuwa nimeacha hata kutazama ulimi. Mtu huchoka kuogopa kama anavyochoka kulima. Anakaa chini, na jua likaendelea. Baada ya Idi nilikwenda Mombasa kwa sababu siku ilikuwa imefika, basi. Nilikaa benchini na nafasi upande wangu wa kushoto. Mwanamke mmoja alitaka kuikalia, nikampisha.

Daktari alifanya yote aliyoyafanya mwanzo: nyundo, pini, visigino, tepu, tochi. Akaniambia nimsukume kwa mguu, nikamsukuma, kiti chake kikarudi nyuma na magurudumu yake mpaka kikagonga kabati. Akacheka. Sikuwahi kumwona akicheka.

"Kassim, mwaka umepita. Hujapoteza hata nusu ya kidole. Hili si lile baya."

"Una hakika?"

"Kadiri mtu anavyoweza kuwa na hakika."

"Ni nini basi?"

"Nyama zinacheza. Lina jina refu la wazungu, lakini maana yake ni hiyo tu."

"Na ni la ukoo?"

"La. Ndugu zako hawana cha kuogopa."

"Zitaacha?"

"Pengine. Pengine utakwenda nazo mpaka uzeeni."

Niliomba alirudie lile neno la ukoo. Akalirudia.

Kwako wewe kijana wa Gede, na wengine, ninayo machache. Nenda kwa daktari mapema, hata kama nyumbani wanashangilia. Ukikaa benchini, zungumza na jirani yako, mpende, lakini usiusome ugonjwa wako katika mwili wake. Kila mtu na lake. Waambie watu wako ukweli, na ujue kwamba ukweli huo nao una bei, na huenda anayeilipa si wewe. Usimfokee anayekupakulia. Zaidi ya hayo sina. Nyama zangu zinacheza hata sasa ninapoandika, na zipo siku ambazo bado nautazama mkono huu nikingoja shimo litokee, ingawa nimeshaambiwa halitatokea.

Nilifika Mambrui jioni. Mbaraka na Sauda walikuwa madrasa. Rukia alikuwa ukumbini akichagua mchele, ungo mapajani. Alinitazama miguu kwanza, kama alivyozoea, jinsi ninavyovuka kizingiti.

"Amesemaje?"

"Amesema sina. Mwaka umepita, sina."

Mkono wake ulisimama juu ya mchele. "Huna kabisa?"

"Sina. Wala si la ukoo. Nilimwuliza mara mbili."

"Alhamdulillahi," akasema. Akaendelea kuchagua. Alitoa chuya moja, akatoa jiwe, akalitupa uani. "Alhamdulillahi. Kaa nikupakulie, hujala."

Aliniletea wali wa mchana na samaki, akaniwekea maji ya kunawa. Kisha akaenda kukaa kwenye mlango wa uani, akanipa mgongo. Nilikula. Nilikuwa na njaa ambayo sikuwa nayo mwaka mzima, na niliona aibu kuila mbele yake, lakini niliila.

Baada ya muda, bila kugeuka, alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumza habari ya mvua, "Wangengoja mfungo mmoja tu, kaka."

Nilimaliza chakula, nikanawa, nikaenda nikakaa karibu naye pale mlangoni. Nguo zilikuwa kambani. Tulikaa hivyo mpaka wadogo wakarudi, wakauliza kwa nini taa haijawashwa.